Watu 305, familia 160: kamusi elezo ya mtandaoni na mgeni wa chumba namba 4

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita Soweto, Moshi. Mapokezini kuna daftari lenye safu zilezile utakazozikuta kwenye kila gesti ya nchi hii: jina, uraia, namba ya pasi, anakotoka, anakokwenda, saini. Safu ya "anakotoka" ndiyo iliyonileta kwenye mapitio haya. Wageni wengi hujaza jina la jiji kubwa. Wapo wanaoandika "Mweka" kwa kuwa ndiko walikoshukia mlima asubuhi ile, na siwalaumu, swali lenyewe lina tundu. Februari alikuja mama mmoja wa Iran, rika langu, hamsini na kitu, ameshuka mlimani na kundi lake, midomo imebabuka na pua inamenyeka ngozi. Nikampa chumba namba 4. Kwenye safu ile akaandika kwa herufi kubwa: ABYANEH.

Nikamuuliza kama ni karibu na Tehran. Akasema Tehran ndiko anakoishi, "lakini hapa mmeuliza ninatoka wapi." Akachukua taulo, akaenda kuoga. Mimi nikachukua simu.

Kwa hiyo ninachokipitia hapa si hoteli wala mgahawa. Ni ile kamusi elezo ya bure ya mtandaoni, inayoandikwa na yeyote mwenye muda wake. Jina silitaji kwa sababu kuna mahali nitaisema vibaya, na mtu aliyenisaidia bure miaka yote hii sipendi kumtangaza kwa jina.

Nimeitumia kama miaka minne kujua wageni wangu wametoka wapi, na kwa mama wa gesti hiyo si anasa. Ukijua mtu katoka nchi ya baridi kali humwekei mablanketi matatu akiwa tayari anavuja jasho. Ukijua wanakula nini, hutumi kijana Mbuyuni kununua kitu kitakachorudi jikoni kama kilivyokwenda. Bando la buku linanitosha siku kadhaa nikisoma maandishi tu bila kufungua picha. Matangazo hakuna. Hata mtandao ukiwa na kwikwi, maandishi yanafunguka. Hapo nyota tano, sina ubishi.

Sasa twende kwenye ukurasa wenyewe. Niliusoma wa Kiingereza, nikabonyeza simu initafsirie. Ikaniletea hivi: "Abyaneh ni kijiji katika Wilaya ya Vijijini ya Barzrud, katika Wilaya ya Kati ya Kaunti ya Natanz, Mkoa wa Isfahan, Iran. Katika sensa ya 2006, idadi ya watu wake ilikuwa 305, katika familia 160."

Hebu isome tena. Wilaya ndani ya wilaya ndani ya kaunti. Kaunti tumewaachia Wakenya, na wilaya iliyomo ndani ya wilaya nyingine sijawahi kuiona. Nikajua kuna mtu kamkosea mwenzake njiani, ila sikujua ni Mwajemi, Mwingereza au simu yangu.

Mgeni alipotoka kuoga tukaketi barazani na chupa ya chai ya rangi. Akaomba sukari ya vipande. Sukari ya vipande sina, nikamvunjia sukari guru. Hakuitia kwenye kikombe. Alikibana kile kipande kwa meno ya mbele, akawa anavuta chai ipite hapohapo, kikombe baada ya kikombe, kipande kinayeyuka polepole mdomoni. Kijana wangu wa mapokezi alijaribu jioni ile akaunguza ulimi.

Nikamwonyesha ule ukurasa na zile wilaya zake. Akageuza risiti ya chumba, akaandika nyuma yake, kutoka juu kwenda chini: ostan, shahrestan, bakhsh, dehestan, deh. Akanieleza kila moja ni nini na inaongozwa vipi. Kalamu ikanijia yenyewe. Pembeni ya ostan nikaandika mkoa. Shahrestan, wilaya. Bakhsh, tarafa. Dehestan, kata, maana ni kundi la vijiji. Deh, kijiji. Ngazi zote tano zimekaa sawasawa, hakuna iliyopwaya. Kiingereza ndicho kilichohangaika na wilaya mbilimbili, sisi vyeo vyote tunavyo tangu zamani. Ile "Wilaya ya Kati" ni tarafa ya makao makuu tu, ile yenye mji wa wilaya ndani yake. Kwa hiyo sentensi ilitakiwa isomeke: Abyaneh ni kijiji cha kata ya Barzrud, tarafa ya kati, wilaya ya Natanz, mkoa wa Isfahan. Mtu wa Kibosho anaelewa bila kuuliza.

Nawaomba wale vijana wanaojitolea kutafsiri kurasa hizi kwa Kiswahili, na najua wapo, msipitie Kiingereza kama mnayo njia fupi. Ile risiti bado ninayo, nimeibandika ndani ya jalada la daftari.

Kuhusu mahali, ukurasa haukudanganya. Una ramani yenye kitone na zile namba za longitudo na latitudo, na unasema kijiji kipo miguuni mwa mlima Karkas. Nilimtajia mgeni huo mlima akacheka, akaniuliza Kilimanjaro ina mita ngapi. Swali hilo Moshi hata mtoto wa chekechea analijibu: 5,895. Akasema Karkas ni 3,895. Namba ileile, imepungua elfu mbili kamili. Alikuwa ameibeba hiyo kichwani kutoka kwao mpaka kileleni, anangoja mtu wa kumwambia. Karkas kwa Kiajemi ni tumbusi, ndege mla mizoga. Sisi wa upande huu tungeona haya kuuita mlima hivyo, lakini kila mtu na mlima wake.

Asubuhi ya pili wingu lilikuwa limefunguka. Alisimama dirishani chumbani mwake, nikimpelekea maji ya moto, akanyoosha kidole juu akasema "barf." Nikamjibu "barafu." Akageuka. Nikarudia, barafu. Akasema barf, barf, kama mtu anayeitwa jina lake barabarani. Nilijua zamani kwamba Kiswahili kimechukua maneno kwa Waajemi, walimu walitufundisha bandari na serikali, ila ni kitu kingine kulisikia neno linatoka kwenye mdomo wa mwenyewe huku nyote mnaitazama barafu yenyewe. Nikagonga kioo nikamwambia na hili ni dirisha. Hapo akasita. Akasema kwao dariche ni kidirisha kidogo, kama kile cha chooni, dirisha kubwa lina jina jingine. Nikamwambia basi sisi tumekikuza.

Kiajemi chenyewe, kumbe, ni cha kuongea na watu wote. Nyumbani Abyaneh wana lugha yao ya kijiji ambayo mtu wa Tehran akiisikia anaambulia neno moja moja. Sikuhitaji ufafanuzi. Mimi na mume wangu, yeye wa Rombo, tuna miaka ishirini na saba ya ndoa na bado kila mmoja anagombana kwa Kichagga chake.

Nirudi kwenye hesabu, maana hapo ndipo hasa nina neno.

Ukurasa unasema watu 305, familia 160, halafu unaendelea na safari zake kama vile hakuna kilichosemwa. Mimi nauza chumba kwa kichwa, namba sipiti hivihivi. Nikagawanya kwa simu: 305 kwa 160 ni 1.9. Watu wawili kasoro kwa kila familia. Neno lenyewe lingekuwa kaya, sensa huhesabu kaya, na kaya ya watu wawili kasoro ni nini? Ni mzee na mkewe, na jirani yao ni mjane peke yake. Mwaka huohuo wa 2006 Iran nzima ilikuwa na watu 70,495,782, na wastani wa kaya ulikuwa watu wanne. Kwetu sensa ya 2022 ilitoa wastani wa 4.3. Kwa hiyo ile sentensi kavu ilikuwa inapiga kelele kwamba hapa watoto wameondoka, ila mwandishi hakuisikia, na ninaogopa wasomaji wengi hawaisikii pia.

Nikamuuliza mgeni. Akasema ndiyo, wazee wamebaki, watoto wako Tehran na Isfahan mjini. Baba yake kafariki, mama yake anakaa na dada yake ambaye naye hakuolewa. Hiyo nayo ni kaya ya wawili.

Akanionyesha picha. Nyumba za udongo mwekundu, wekundu wa chuma kilichomo ardhini, zimepandana kwenye mteremko hivi kwamba paa la mmoja ni uwanja wa wa juu yake. Milango ya mbao yenye vigongeo viwili, kimoja cha wanaume kizito, kingine cha wanawake chepesi, ili aliye ndani ajue kwa sauti nani anabisha. Kina mama wazee wamejitanda mitandio mikubwa myeupe yenye maua hadi mabegani, wamekaa vizingitini wanauza vipande vya tufaha vilivyokaushwa. Mama yake ni mmojawapo. Begi lake la mlimani lilikuwa na mfuko wa vipande hivyo, vimebaki kidogo, na karatasi za matunda yaliyopondwa na kuanikwa hadi yakawa kama ngozi. Ukilamba kwanza unakunja uso, halafu mate yanajaa, halafu unaomba nyingine. Kamusi elezo haikuniambia hili, na sitaipunguzia nyota kwa hilo, haina ulimi.

Ninaipunguzia kwa kitu kingine. Haikusema sensa ilifanyika mwezi gani. "Sensa ya 2006" peke yake haitoshi kwa kijiji cha namna hii. Mgeni ndiye aliyeniambia: kwao ulikuwa mwaka 1385, mwezi wa Aban, yaani kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba. Wakati huo baridi ya mlimani imeanza kuuma. Waliokuja kupumzika kiangazi wamekwishafunga nyumba na kurudi mjini. Njoo uhesabu kiangazi, alisema, au njoo mwezi wa Muharram siku za Ashura, wanapobeba lile jeneza kubwa la mbao wanaloliita nakhl, uone kama utapata pa kupitisha mguu.

Mimi hapo kimawazo nilikuwa nimeshafika kwa mama yangu Kibosho.

Sensa yetu ya 2022 ilihesabu kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Karani alikuja hapa gesti na kishikwambi chake, akamaliza nusu chupa yangu ya chai. Usiku ule nilikuwa na Waholanzi wawili, dereva wa lori wa Singida, na mtu na mkewe waliokuja kumwona mgonjwa KCMC. Wote watano wakaandikwa Moshi. Mnaposikia Watanzania tulikuwa 61,741,120, jueni ndani yake mna Waholanzi wangu wawili. Kwa mama, kule juu, karani aliandika watu wawili: mama na binti anayemsaidia. Wawili. Nyumba ina vyumba vitano, kihamba kina migomba ya kulisha ukoo, na kila Desemba tunalala kumi na tisa, wengine kwenye magodoro jikoni, na magari yamepangana mpaka kwa jirani. Wachagga wote wanaosoma hapa wanajua ninachosema. Tarehe 23 Desemba nauli ya Dar inapanda, nyama inapanda, barabara ya Kibosho inakuwa kama Kariakoo. Kilimanjaro ya Agosti na Kilimanjaro ya Krismasi ni mikoa miwili, na sensa imeuona mmoja tu: watu 1,861,934.

Simlaumu karani. Lazima uhesabu siku moja, na siku yoyote utakayochagua kuna watakaokuwa safarini. Ninachotaka ni mwandishi wa ukurasa aongeze neno moja, "Novemba," na "Agosti" kwetu. Herufi chache.

Jambo jingine. Abyaneh ina bahati ya sura. Watalii wanaipenda, kwa hiyo ukurasa wake una picha, una habari za msikiti wake wa kale, una aya kadhaa. Ukishuka bonde hilohilo kuna Barz, kuna Komjan, kuna Yarand, kuna Hanjan. Nilizifungua baadhi. Sentensi mbili: kipo wapi, wako wangapi. Basi. Ukivuta chini unakutana na orodha ndefu ya vijiji vya wilaya nzima, na kila utakachogusa kinakuambia maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, majina na namba tu ndizo zinabadilika, kama fomu ya benki. Na jina limeandikwa mara nne kwa tahajia nne, hata ushindwe kujua utafute lipi. Hilo la tahajia nalisamehe. Wajerumani walituandika Moschi na Madschame na hakuna aliyepotea.

Nilikuwa nimeshaanza kuwaonea huruma watu wa Barz, mpaka nikatafuta kata ya mama yangu kwenye toleo la Kiswahili. Fulani ni kata ya Wilaya ya Moshi Vijijini katika Mkoa wa Kilimanjaro. Kwa mujibu wa sensa, kata ilikuwa na wakazi wapatao kadha wa kadha. Sentensi mbili. Watu wa Barz, tuko pamoja.

Nikaona kuna kitufe cha "hariri." Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa. Niliandika kwa adabu, sentensi tatu: kwamba wakazi wengi wa asili wanafanya kazi mijini, kwamba idadi hupungua na kuongezeka kwa msimu, na kwamba Desemba huongezeka sana. Nikabonyeza hifadhi nikajisikia profesa. Siku mbili baadaye yalikuwa yamefutwa. Kulikuwa na ujumbe mfupi: hakuna chanzo.

Nilikasirika, sifichi. Chanzo ni mimi, nililala sakafuni. Lakini nilipotulia nilielewa. Mimi nikiandika la kweli bila karatasi, kesho mwingine ataandika la uongo bila karatasi, na anayesoma akiwa Natanz hawezi kututofautisha. Ningeomba tu anayefuta asalimie kwanza. Hata afisa wa sensa alisalimia.

Kwa hiyo nyota: tatu na nusu kati ya tano. Kwa kupata mahali, itumieni bila wasiwasi, ni ya haraka na haipotezi bando. Kwa idadi ya watu, soma mwaka kabla ya namba, gawanya watu kwa kaya, halafu ukipata nafasi muulize mtu wa huko. Tafsiri ya simu iacheni kabisa linapokuja suala la wilaya na tarafa. Ile nusu ni ya hasira yangu, ikipoa nitairudisha.

Mgeni wa chumba namba 4 aliondoka siku ya tatu na basi la asubuhi kwenda Dar. Nilimpa kahawa ya mama, nusu kilo, na mkungu mdogo wa ndizi ambao nadhani aliuacha njiani kwa kuwa alishindwa kuusukuma kwenye buti. Alinifundisha kusema asante kwa lugha ya kijiji chao nikaisahau kabla basi halijafika Kiboriloni. Yeye "aika," asante yetu ya Kichagga, aliishika mara moja.

Siku za Ashura alinitumia picha kwa WhatsApp. Imepigwa kutoka juu. Ule uchochoro mwekundu niliouona mtupu Februari hauonekani, umejaa watu waliovaa nguo nyeusi za msiba, wamesambaa mpaka juu ya mapaa, na katikati lile jeneza la mbao limeinuliwa mabegani. Chini aliandika kwamba yeye na wanawe wamelala sebuleni kwa mama, watu kumi na wanne, na blanketi hazikutosha. Nilikuza picha kwa vidole viwili nikaanza kuhesabu vichwa. Nilifika mia mbili na kumi, kwenye paa la tatu, ndipo mteja akagonga kaunta akitaka chumba.